Motokari ya Kazi ya Vioo: Maneno ya Kikundi Mbele ya Mkutano Mkubwa



Sisi ni kikundi cha vioo. Tuko saba, wanawake watatu na wanaume wanne. Sita kati yetu tulirudi kutoka kambi za kaskazini ya Zambia, na mmoja alirudi baadaye kutoka Johannesburg. Huyo njo alitufundisha kuvuta raklete bila kuacha mistari kwenye kioo. Mkutano wa mwezi wa tatu ulitutuma tutafute motokari ya kazi, na mkatuambia tusirudi hapa na maneno ya juujuu, turudi na hesabu. Tumerudi nayo.

Lakini mbele ya hesabu kuna deni. Wengi wenu mnakumbuka kile kibasi cheupe cha miaka miwili iliyopita. Tulikinunua juu ya rangi. Kilikuwa kinang'aa, viti vipya, radio inaimba vizuri, na kila mutu aliyekiona alisema sasa chama kimekua. Karte roze ilikuwa na jina la mutu ambaye hatukuwahi kumwona, na namba ya shasi ilitofautiana herufi moja na ile ya karatasi ya duwane. Muuzaji akatuambia, "Hiyo ni makosa ya mashine tu." Tukakubali, kwa sababu tulitaka kukubali. Wiki ya sita kikashikwa barabarani, na mpaka leo hakijarudi. Dola 3,800 za likelemba yenu zilikwenda nacho. Kuna mama ameketi hapa mbele ambaye sehemu yake ilitoka katika makaa aliyouzisha kilo kwa kilo. Wawili wetu walitia sahihi siku ile. Hatusimami mbele yenu kama watu wasio na kosa, na kama kuna mwenye kutuuliza kwa ukali leo, ana haki.

Sasa, juu ya nini tunataka motokari tena?

Tangu tulipoanza tunabeba eshele kwa bega. Hakuna teksi-basi inayokubali eshele ya meta saba, na ikikubali inataka ulipie nafasi ya watu wanne. Kutoka kiwanja chetu cha Ruashi mpaka majumba ya Golf ni kuvuka mji mzima. Tukitoka jua halijachomoza, tunafika watu wa ofisi wamekwisha kuingia, na mwenye nyumba hataki ndoo na maji vichwani mwa wageni wake. Tulipoteza kazi moja ya kila mwezi kwa njia hiyo. Hawakulalamika kwamba vioo ni vichafu. Walisema tu, "Ninyi mnachelewa," na mwezi uliofuata walikuwa na watu wengine.

Ndipo tukaanza kukodi. Mnajua kilichotokea mwezi wa saba mwaka jana, lakini wafadhili hawajui, basi tukieleze vizuri.

Tulikodi Hiace ya mutu, tukatia ndani tanki ya pulastiki ya litri 1,000, ile yenye fito za chuma kuizunguka, ambayo kila mutu hapa mjini anaweka maji. Tuliijaza nusu. Tuliwaza kwamba nusu ni afadhali kuliko kujaa, kwa sababu ni nyepesi. Tukaifunga kwa kamba, kamba nzuri, mpya. Penye njia panda mtoto akakimbilia mpira, shofere akakanyaga freni. Mtoto akapona, Mungu asifiwe. Lakini maji yale yalikuwa na nafasi ya kukimbia ndani ya tanki, yakakimbia yote mbele kwa pamoja, kamba ikakatika, na tanki ikaenda kugonga kiti ambacho dada yetu alikuwa ameshika kwa mkono. Vidole viwili vilivunjika. Chama kililipa hospitali. Miezi mitatu hakushika raklete, na hata leo asubuhi ya baridi kile kidole cha kati hakikunji.

Kwa hiyo tulipokaa kutafuta motokari, hatukuanza na aina wala rangi wala bei. Tulianza na maji.

Litri moja ya maji ni kilo moja. Kila mtoto wa shule anajua, lakini sisi watu wazima tunasahau tukishaona tanki, kwa sababu maji hayaonekani mazito kama simenti. Litri 500 ni sawa na mifuko kumi ya simenti ya kilo 50. Na mifuko ya simenti inakaa mahali ulipoiweka, maji yanatembea. Tanki iliyojaa kabisa, maji hayana pa kukimbilia. Tupu, hakuna shida. Ile ya nusu njo inaua. Tanki nzuri ya motokari inakuwa na kuta ndani, zenye matundu, ili maji yapite polepole kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Mtu atauliza: kwa nini mbebe maji? Kule kwa mteja hakuna robine? Kuna robine, siku nyingine kuna maji hata. Lakini tazameni birika lenu nyumbani, ule ukoko mweupe ulio chini yake. Maji yetu yana chokaa. Ukisafisha kwa raklete, unakausha kioo papo hapo na chokaa haina nafasi ya kubaki, basi ndoo moja ya maji ya robine inatosha vyumba vingi. Lakini kwa orofa ya pili na ya tatu tunatumia ile fimbo ndefu yenye burashi, inayotoa maji kichwani, ambayo wafadhili walituletea. Nayo haikaushi. Maji yanabaki juu ya kioo yanakauka yenyewe na jua, na kama yana chokaa, yanaacha madoadoa meupe. Utakuwa umepanda kusafisha vumbi na kuacha chokaa. Kwa hiyo maji ya fimbo lazima yachujwe mpaka yasibaki na kitu. Tuko na kapimio kadogo: maji yakiwa safi kabisa kanaonyesha 0, na ukikatia katika maji ya foraji yetu kanaruka mamia.

Hapo tulibishana wiki mbili. Wengine wetu walitaka chujio lote likae ndani ya motokari, kama tunavyoona kwenye picha za Ulaya. Mwishoni tulikataa. Chujio linatupa maji mengi kuliko yale linalotoa safi, linafanya kazi polepole, na linataka pompe yenye nguvu na moto wa umeme, ambao sisi tunaupata usiku, ukipatikana. Libaki kiwanjani. Usiku moto ukirudi mmoja wetu anaamka kulifungulia, tanki ya chini inajaa mpaka asubuhi, na maji yanayotupwa mama mmoja amekwisha kuomba kumwagilia lengalenga zake. Motokari ibebe maji yaliyokwisha kuwa safi, basi.

Fimbo moja inatumia litri moja na nusu kwa dakika ikifunguliwa. Tulipima kwa ndoo na saa ya simu. Litri 400 zinatupa karibu masaa manne na nusu ya maji yanayotoka, na kwa kuwa tunafunga tukihama dirisha, hiyo ni siku nzima ya kazi. Litri 250 hazifiki masaa matatu, na hapo itabidi kuvuka mji tena kuja kujaza.

Basi hii njo hesabu mliyotuomba. Maji kilo 400. Tanki yenyewe na vyuma vyake 45. Watu wanne, kilo 280, na tunawahesabu wote pamoja na shofere, hata kama wengine hawamhesabu. Eshele mbili 40. Fimbo, tuyo, pompe ndogo, batri yake, ndoo na sabuni, 70. Ukuta wa chuma kati ya viti na mzigo, 35. Jumla ni kilo 870.

Kilo 870 zilituamulia mambo mengi kuliko midomo yetu.

Tulikuwa tumependa sana kale ka-Townace. Kanakunywa esansi kiloko, kanaingia vichochoro vyote vya Katuba, na bei yake ilikuwa ndani ya sanduku letu. Lakini nyuma ya hizi motokari za mzigo zinazotoka Japani kuna karatasi iliyobandikwa, maandishi ya kwao hatuyasomi, lakini namba tunasoma, na herufi kg. Kale tulikopenda kaliandikwa 750. Tungekapakia kilo 120 zaidi kila siku ya Mungu. Angalieni hiyo karatasi mkienda kununua zenu, wandugu, na kama kuna namba ya pili katika mabano, ambayo ni ndogo, hiyo ni mzigo wakati viti vya nyuma viko na watu. Muuzaji hatawaambia.

Hiace, ile ya mzigo, inafika kilo 1,000. Tunabaki na 130 za kupumua. Mmoja wetu akasema basi tutie litri 600. Hapana. Hapo tunakuwa 1,070, na tumerudi katika mchezo ule ule.

Jambo la pili ni volan. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Zambia, Tanzania na Japani wanatembea wa kushoto. Ndiyo maana motokari nyingi zinazoingia kwa Kasumbalesa zina volan ya kuume, na ndiyo maana ni rahisi. Tulizipanda mbili. Ukiwa nyuma ya kamyo ya madini, shofere haoni mbele mpaka atoe motokari nzima katikati ya njia. Na kuna jambo ambalo hatukuwahi kuliwaza mpaka dada yetu alipoonyesha. Moja kati ya zile mbili ilikuwa na mlango wa kuteleza mmoja tu, wa kushoto, kwa sababu kwao kushoto ni kando ya njia. Kwetu kushoto ni katikati ya njia. Tungekuwa tunashuka na eshele ya meta saba mbele ya teksi zinazopita. Wako mafundi wanaogeuza volan, na tuliona moja iliyogeuzwa. Fundi wetu alilala chini yake dakika tano, akatoka, akafuta mikono, akasema tu, "Twende." Hatukumwuliza.

Sasa tunafika kwenye neno zito, na tunaomba wafadhili walisome mpaka mwisho.

Marafiki zetu wa Ubelgiji walituandikia kwamba wako na motokari tayari. Ni kubwa, ya dari ndefu, mtu anasimama ndani bila kuinama, volan ya kushoto, safi, na ndani imekwisha kutengenezwa na mbao. Walikuwa wametenga dola 2,600 kusaidia kuisafirisha. Tulipoona picha tulipiga makofi, hatufichi. Kukataa zawadi katika desturi yetu ni kama kumrudishia mgeni maji aliyokuletea. Kwa hiyo hatukujibu haraka. Tulikwenda kwa mafundi watatu, kila mmoja peke yake, bila kumwambia wengine wamesema nini.

Wote watatu waliuliza swali moja: ni mazutu, ya mwaka gani? Tulipowaambia, wakatikisa kichwa. Motokari za mazutu za Ulaya za miaka hii ziko na chujio la moshi ndani ya eshapoma, na pembeni ya tanki ya mazutu kuna tanki nyingine ya maji ya dawa ambayo lazima ijazwe, la sivyo kompyuta inakataza motere kuwaka. Zimetengenezwa kwa mazutu safi sana. Zikinyweshwa mazutu ya bidoni ambayo hujui imelala wapi, chujio linaziba, taa ya njano inawaka, na hapa mtu mwenye mashine ya kuongea na ile kompyuta ni wa kutafuta. Fundi mmoja, mzee, alisema: "Ile motokari haiko mubaya. Iko muzuri, lakini hapa haina ndugu." Akamaanisha kwamba ikivunjika kioo cha taa tu, hakuna nyingine mjini ya kuvulia kipande. Hiace ina ndugu kila njia panda.

Na safari yake: meli kutoka Antwerpen mpaka Dar es Salaam, kisha barabara, kupita Tunduma, kuvuka Zambia yote, mpaka Kasumbalesa, na duwane hapo. Dola 2,600 ni za meli na sehemu ya barabara tu. Sehemu nyingine ingetoka kwenu, na duwane yote ingetoka kwenu.

Marafiki, tunawashukuru kutoka moyoni, na tunaomba ile motokari muiuze huko kwenu au mumpe mwingine. Tuko tunaomba jambo jingine, tutalisema mbele kidogo.

Hiace tuliyoipata ni ya mkate. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa hapa mjini, alikuwa anagawa mikate alfajiri, sasa amenunua kubwa zaidi. Iliingia kutoka nchi za Ghuba, volan ya kushoto, mlango wa kuteleza upande wa kuume, ya mwaka 2009, motere ya esansi ya litri 2.7. Haina viti nyuma. Rangi yake ilikuwa nyekundu, sasa hatujui tuiite nini. Reli ya mlango imeshika kutu. Ndani inanuka mkate, na hilo ni shida yake ndogo kuliko zote.

Tulimwomba mwenyewe asiiwashe kabla hatujafika. Tulifika asubuhi mapema, tukainua kiti cha mbele, kwa kuwa motere ya Hiace iko chini ya viti, tukaweka mkono: baridi. Hilo ni muhimu, kwa sababu motere mgonjwa ikishapashwa moto inadanganya. Ikawaka mara ya kwanza, moshi kidogo, ukakoma. Kifuniko cha mafuta hakikuwa na ule utando kama maziwa unaoonyesha maji yameingia ndani. Saa ya kilometa hatukuiangalia hata; inasema inachotaka.

Kisha tukafanya jambo ambalo mwenyewe alicheka. Tulikuja na bidoni 20 za litri 20, zimejaa, tukazipanga ndani. Hizo ni kilo 400 kamili. Tukapanda wanne. Tulikuwa tumepima kwa meta urefu kutoka chini mpaka upinde wa tairi za nyuma, tukapima tena. Upande wa kuume ulishuka sentimeta 5, wa kushoto 8. Fundi akaingia chini, akakuta jani moja la resori ya kushoto limepasuka. Mwenyewe hakucheka tena. Aliomba 7,500, akashuka 7,200. Tukaipandisha mlima hivyo hivyo, tukakanyaga freni mara kumi. Inavuta kiloko kushoto, na fundi anasema ni ile resori.

Karatasi. Hapa tulichukua siku nne, na kama mngetaka tungechukua arobaini. Namba ya shasi hatukuisoma kwa macho. Tuliweka karatasi nyembamba juu yake tukasugua kwa kaa la moto lililozimika, ikatokea yenyewe. Alama 17. Tukailinganisha na karte roze, na karatasi ya duwane, na karatasi ya uuzaji, herufi kwa herufi, mmoja anasoma, mwingine anajibu, kama kwenye kanisa. Kisha tukabadilishana. Zinafanana zote. Jina la karte roze ni la yule anayeuza, na tumeona kitambulisho chake. Wawili waliotia sahihi ya kile kibasi njo tuliwapa kazi hii, na hawakulala vizuri zile siku nne.

Esansi: litri 13 kwa kilometa 100 mjini, tumepima. Mazutu ingetumia kidogo zaidi ya hapo chini, ni kweli. Lakini kwa siku hatuvuki kilometa 40, hiyo ni litri tano na kitu, na motere ya esansi kila fundi wa kando ya njia anaifungua.

Kuna ndugu walitaka tununue kubwa kwa ajili ya Kolwezi, kwamba kule kuna ofisi za madini na vumbi la kutosha. Kolwezi ni kilometa 300 hivi. Siku kandarasi ya Kolwezi itakapokuwa mkononi, imetiwa sahihi, tutakodi. Hatununui motokari kwa ajili ya kazi ambayo bado tunaiota.

Sasa feza. Motokari 7,200. Tanki ya litri 400 yenye kuta ndani, ukuta wa chuma, bulo za kupitisha sakafu mpaka kwenye shasi, kubadilisha karatasi na asiransi, 1,150. Jumla 8,350. Sanduku la chama liko na 4,900. Kikundi chetu kimeweka 1,050 kutoka kazi za mwaka huu. Tunakosa 2,400.

Hilo njo ombi letu kwa marafiki wa Ubelgiji: zile 2,600 za kusafirisha zawadi, mkikubali, ziwe za kumaliza hii. Zitabaki 200, nazo ni za tairi mbili za nyuma. Mkikataa hatutakasirika, na hatutakopa kwa watu wa riba. Mwenyewe amekubali kutungoja mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Mngetaka tuwe tayari kabla ya hapo, kwa sababu vumbi la mwezi wa nane na wa tisa linageuza vioo vya mji huu vyekundu, na mvua za kwanza zikipiga juu yake, simu inaita bila kunyamaza.

Kuna waliouliza kuhusu kupaka rangi na kuandika jina la chama pembeni. Tulimwachia dada yetu wa vidole ajibu. Alisema: "Mukianza na rangi, mi siingie mule. Anzeni na bulo." Basi bulo kwanza, na ukuta, na rangi mwakani.

Limebaki jambo la kilio. Tunajua. Motokari ikishalala kiwanjani, siku mtu wetu akifa, mutu atakuja kugonga mlango usiku: "Iko ya chama, na mimi ni wa chama." Na atakuwa anasema kweli. Lakini tanki imefungwa na bulo sita kwenye shasi, haitoki kwa saa moja, na kupakia watu juu yake ni kurudia mambo ya mwezi wa saba. Tulibishana juu ya hili kuliko juu ya bei. Wawili kati yetu bado hawakubaliani, na tunawaambia wazi. Pendekezo la watano ni hili: motokari haitoki kwa kilio wala kwa ndoa, hata kwa mkubwa wa chama, ila kila mwezi kikundi kitaweka dola 40 pembeni, sanduku la kilio, za kukodi basi. Wale wawili wanasema sanduku halifunguki usiku wa manane. Hapo tunawaachia ninyi mkutano muamue kwa kura.

Ufunguo utakaa kwa mama mwekahazina. Daftari la kilometa litasomwa hapa kila mkutano.

Siku ya posho, mchana, mwenyewe atatuletea Hiace kwenye kiwanja cha Ruashi. Tutakuwa na ile karatasi iliyosuguliwa kaa, na karte roze, na ya duwane, mezani. Njooni mzisome wenyewe. Mama wa makaa, wewe tumekuwekea kiti cha mbele. Na mwenye bidoni ya litri 20 aje nayo imejaa, kwa sababu zile tulizotumia tulizikopa na zimekwisha kurudi kwa wenyewe.